Valvu ya maji haifungi, clock() inasema sekunde 0.41 na mtungi umeshamwagika

mtungi20 · Jumanne, saa 3:12 usiku

Wasee habari zenu. Naombeni msaada kabla mjomba hajanifukuza hapa maana leo nimemwaga maji ya watu. Mjomba ako na kituo cha kuuza maji huku Pipeline, Nairobi, tangi liko juu ya ploti, mtu anakuja na mtungi wake wa lita ishirini, analipa, anajaziwa, anaenda. Sasa mimi nikajitia mjuaji nikamwambia wacha nikutengenezee mashine, mtu akishalipa anabonyeza kitufe, valvu inajifungua yenyewe, ikimaliza inajifunga, wewe ukae tu kwa kiti usome gazeti. Nikachukua Raspberry Pi (kale ka kompyuta kadogo ka ubao mmoja) ya zamani niliyokuwa nayo kwa droo, rilei moja (swichi ambayo Pi inaiwasha yenyewe), valvu ya stima, nikaandika kwa C juu ndio lugha tulifunzwa na ndio naijua. Kujaza mtungi mmoja nilipima na stopwochi ya simu kama mara kumi ikawa inacheza hapo hapo kwa sekunde 60, basi nikasema valvu ikae wazi sekunde 60 imeisha hiyo.

Hii ndio kodi yenyewe (kodi ya kompyuta, ile ya nyumba tumwachie mwenye ploti):

```
clock_t mwanzo = clock();
fungua_valvu();
while ((double)(clock() - mwanzo) / CLOCKS_PER_SEC < 60.0) {
    usleep(10000);
}
funga_valvu();
```

Wiki tatu ilikuwa inafanya poa kabisa, lakini wakati huo ndani ya lupu hakukuwa na usleep, ilikuwa mabano matupu inazunguka tu. Shida ni Pi ilikuwa inapata moto mbaya, ukiandika top unaona programu yangu imekula prosesa asilimia 100. Rafiki yangu akaniambia weka usleep hapo ndani ipumzike kidogo. Nikaweka hiyo 10000, yaani milisekunde 10, moto ukaisha, nikafurahi nikalala.

Leo asubuhi mteja wa kwanza, mama mmoja na mtungi wa njano, akabonyeza, maji yakaingia, yakajaa, yakafika shingoni, yakaanza kumwagikia viatu vyake na valvu haina habari. Mimi nilikuwa naangalia simu kuja kushtuka ni mama anapiga nduru. Kufika pale kufunga koki kwa mkono dakika tatu hivi zimepita. Kuna printf nilikuwa nimeweka ndani ya lupu (nimeitoa hapo juu kufupisha) inaonyesha muda uliopita, na mstari wa mwisho ulisema 0.41. Sifuri nukta nne moja! Dakika tatu nzima! Sasa niambieni, ni simu yangu imeharibika ama ni C imeharibika?

---

saa_sita_kamili · Jumanne, saa 3:20 usiku

Hiyo ni masaa ya kompyuta kuwa tofauti buda. Labda hiyo Pi bado iko kwa UTC (saa ya kimataifa), Nairobi tuko mbele masaa matatu, na sisi wenyewe tena tunaita saa moja pale kompyuta inaandika saba, ukichanganya hizo zote lazima maji yamwagike 😂 Andika sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi alafu uwashe upya.

---

kaunta_ya_nyuma · Jumanne, saa 3:41 usiku

Hapana, masaa ya Nairobi hayahusiki hapo hata kidogo. Anachukua nambari ya mwisho anatoa ya mwanzo, hata angekuwa anatumia time(NULL) hiyo inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, ukiwa Embakasi ama Tokyo nambari ni ile ile. Ile ya Africa/Nairobi inabadilisha vile saa inaandikwa kwa kioo tu.

Shida yako mtungi20 ni jina la hiyo fanksheni, limedanganya watu wengi kabla yako. clock() haiangalii saa. Inakuambia prosesa imeifanyia kazi programu yako kwa muda gani, basi. Chukulia umepanda matatu hapo Embakasi saa kumi na mbili asubuhi ukafika tao saa mbili kamili. Wewe umekaa masaa mawili. Sasa muulize dereva mguu ulikuwa kwa mafuta dakika ngapi, atakuambia ishirini, labda ishirini na tano, hizo zingine mlikuwa mmesimama kwa jam mkiuziwa njugu. clock() inampima dereva na mguu wake, na wewe unataka muda wa abiria.

Usleep sasa ndio jam yenyewe. Programu ikilala prosesa inaenda kufanya mambo mengine na clock() inasimama pale pale. Inaamka, inaangalia, inalala tena, kazi yote ni mikrosekunde chache. Hebu piga hesabu na nambari zako mwenyewe: 0.41 kwa sekunde 180 ni kama milisekunde 2.3 kwa kila sekunde ya kweli, kwa mwendo huo kufika 60 ingekuchukua masaa saba na kitu. Tangi lingekauka kwanza.

Na usifikirie ile ya kwanza ilikuwa sawa. Ilikuwa inabahatika. Juu lupu tupu haikuwa inapumzika, muda wa prosesa na muda wa saa ya ukutani vikawa karibu kitu kimoja, ndio maana wiki tatu hukuona kitu. Rafiki yako hakukuharibia, alifunua tu.

Kama huamini andika hii kwa terminali:

```
time sleep 5
```

Utaona mistari mitatu. real itakuwa sekunde 5 na nukta kidogo, user na sys zitakuwa karibu sifuri. Ile real ndio ya abiria, user na sys ukijumlisha ndio ya dereva, na clock() ndio inakupea hizo mbili za chini.

Kitu kingine kimoja juu najua kuna mtu atakuja hapa kusema kwake clock() inafanya: kwa Windows ukitumia kompaila (ile inageuza kodi kuwa programu) ya Microsoft, clock() inarudisha muda wa kawaida uliopita tangu programu ianze, hapo hawafuati standadi na wameandika wenyewe kwa maelezo yao. Mtu ukijaribu kwa laptop ya Windows unaona iko sawa, unahamisha kwa Pi unaloa.

---

mtungi20 · Jumanne, saa 4:05 usiku

Aisee. real 0m5.007s, user 0m0.002s. Nimeelewa, nimeona na macho.

Basi nimebadilisha nimeweka time(NULL), nasubiri mpaka ifike mwanzo + 60. Inafunga! Lakini nimejaza mitungi sita hapa usiku huu na mjomba anamulika tochi, mingine imefika shingoni vizuri mingine iko chini kidogo, si sana, kama kikombe hivi. Mjomba anasema mteja wa Pipeline anajua shingo ya mtungi wake kuliko anavyojua jirani yake. Na hakuna mtungi hata mmoja umezidi, ni kupungua tu. Hiyo nayo ni nini?

---

mjengo_c · Jumanne, saa 4:30 usiku

time() inaenda kwa sekunde nzima, haina nukta. Ukibonyeza kitufe sekunde ikiwa imebaki kidogo iishe, tuseme 10 nukta 9, yeye anaandika 10. Alafu anangoja 70, na 70 ikifika tu anafunga. Umepata sekunde 59.1 badala ya 60. Ukiwa na lita 20 kwa dakika moja, sekunde moja ni theluthi ya lita, ndio hicho kikombe chako. Na ndio maana inapungua tu haizidi, kila mara ni mteja anapunjwa, huwezi mpunja mwenye tangi.

Hiyo ya clock() mimi ilinigeuka upande ule mwingine. Nilikuwa na programu ya kupunguza picha, nikaigawa kwa thredi nne, yaani vipande vinne vinavyofanya kazi kwa pamoja, ili iende mbio, nikapima na clock(), ikaniambia sekunde 8 na kabla ya hapo ilikuwa 7.5. Nikasema hizi thredi ni za bure, nikazitoa, wiki nzima imeenda. Kumbe clock() inajumlisha kazi ya thredi zote. Ni kama mjengo, mafundi wanne wakipiga plasta masaa mawili ukuta umeisha kwa masaa mawili, lakini ukilipa kwa lisaa unalipa manane. Mimi nilikuwa nasoma risiti nikidhani ni saa.

Tumia gettimeofday(), hiyo ina mikrosekunde, nimeitumia miaka na haijawahi niangusha.

---

kaunta_ya_nyuma · Jumanne, saa 4:44 usiku

Haijakuangusha kwa laptop, mjengo_c. Kwa huyu itamwangusha, na itakuwa siku stima imepotea.

mtungi20 Pi yako ya zamani haina saa yenye betri ndani. Laptop ukiizima kuna kabetri kanaendelea kuhesabu, Pi za zamani hazina hicho kitu (Pi 5 ndio ya kwanza kuwekewa hiyo saa na hata hapo betri unanunua kando). Kwa hivyo stima ikipotea saa tano na irudi saa sita, Pi inaamka ikiendelea na saa ya mwisho iliyokuwa imehifadhi, yaani iko nyuma kama lisaa na haijui. Alafu intaneti inashika, inauliza saa kwa NTP (huduma ya mtandao ya kurekebisha saa), na saa inaruka mbele lisaa lizima kwa mara moja. Sasa fikiria mteja alikuwa amebonyeza sekunde tano kabla ya huo mruko. gettimeofday inasema lisaa limepita, programu inafunga valvu, mteja amelipa lita ishirini amepata lita moja nukta saba hivi. Hiyo ni vita. Na saa ikirekebishwa kurudi nyuma ndio mbaya zaidi, valvu inangoja muda ambao ilishapita, unarudi kwa mama na viatu vyake.

time() ina ugonjwa huo huo. Zote mbili zinakuambia sasa ni saa ngapi, na wewe huna haja ya kujua ni saa ngapi, unataka kujua umengoja kiasi gani. Hayo ni maswali mawili tofauti na Linux iko na jibu la hilo la pili:

```
struct timespec a;
clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, &a);
```

Hiyo kwa Linux inaanza kuhesabu Pi ikiwaka, inaenda mbele tu, hakuna mtu anaweza kuirudisha nyuma wala kuirusha mbele hata ukibadilisha tarehe na mkono wako. NTP inaweza kuikaza ama kuilegeza kidogo kidogo lakini haiwezi kuirusha. Nambari yenyewe haina maana kwa kalenda, usijaribu kuifanya tarehe. Jambo moja tu, kompyuta ikilala ile ya kufunika laptop, MONOTONIC kwa Linux hailihesabu hilo lala, kuna CLOCK_BOOTTIME kwa hiyo. Yako hailali, achana nayo.

---

mtungi20 · Jumatano, saa 1:50 asubuhi

Kwanza ilikataa kabisa kukompaili, ikasema storage size of 'a' isn't known na kwamba CLOCK_MONOTONIC haijatangazwa, na time.h nimeiweka juu kabisa naiona!

---

kaunta_ya_nyuma · Jumatano, saa 2:03 asubuhi

Unakompaili na -std=c99 sindio? Hiyo inaficha kila kitu ambacho si cha C tupu, na clock_gettime ni ya POSIX (standadi ya mifumo kama Unix na Linux). Weka -std=gnu99 ama gnu11. Na nina hakika kompaila ilikuwa inakupigia kelele kuhusu usleep pia tangu juzi, ukaipuuza.

---

mtungi20 · Jumatano, saa 2:31 asubuhi

Ilikuwa inapiga. Nilidhani ni maonyo tu si makosa.

Sawa sasa imekubali. Nimeandika hivi:

```
struct timespec a, b;
long ns = 0;
clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, &a);
fungua_valvu();
while (ns < 60000000000) {
    usleep(10000);
    clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, &b);
    ns = (b.tv_sec - a.tv_sec) * 1000000000
       + (b.tv_nsec - a.tv_nsec);
}
funga_valvu();
```

Kwa laptop yangu ya Ubuntu, bila valvu, nimejaribu mara tano, 60.00 na kitu kila mara, nikapiga makofi. Nikahamisha kwa Pi, nikabonyeza, na wasee HAIFUNGI TENA. Mjomba sahii amesimama hapo na mkono kwa koki hataki kusikia kitu kinaitwa Raspberry. Nimeprint ns nikaona inapanda vizuri mpaka bilioni mbili na kitu, alafu inaruka inakuwa hasi, inapanda tena, inaruka tena. Kodi ni ile ile! Laptop na Pi kodi ni moja!

---

mama_malloc · Jumatano, saa 3:15 asubuhi

Kijana wangu pole, lakini hiyo ya kuruka ikawa hasi umejijibu mwenyewe. Andika kwa Pi:

```
getconf LONG_BIT
```

Itakuambia 32. Laptop itakuambia 64. Hiyo ndio tofauti.

long kwa Pi yako yenye mfumo wa biti 32 mwisho wake ni 2147483647, haiwezi kubeba zaidi. Ukihesabu kwa nanosekunde hiyo ni sekunde mbili na nukta moja nne. Mbili! Ikipita hapo inafurika vile mtungi unafurika, tofauti ni maji yakifurika yanaenda chini na nambari ikifurika inaenda upande wa hasi (na hiyo ni bahati, standadi ya C inasema nambari yenye alama ikifurika hakuna ahadi yoyote, kompaila ina ruhusa ya kufanya itakalo). Sasa wewe unaiambia ingoje ifike bilioni sitini. Kikombe kinangoja kujaa debe. Haitafika hata mwaka 2038. Ungekompaili na -Wall -Wextra ingekuambia yenyewe kwamba huo ulinganisho ni kweli siku zote, na hii ni mara ya pili kwa huu uzi onyo linajua shida kabla yako, nimemaliza hapo sisemi tena.

Mimi nisingeshika nanosekunde kabisa kwa maji. Milisekunde zinakutosha na zinabaki:

```
int64_t ms = (int64_t)(b.tv_sec - a.tv_sec) * 1000
           + (b.tv_nsec - a.tv_nsec) / 1000000;
```

Weka stdint.h juu. Hiyo (int64_t), yaani nambari ya biti 64 kwa mashine yoyote, ikae hapo mbele kabla ya kuzidisha, watu wengi wanaweka variabo kubwa upande wa kushoto wakidhani imetosha, kumbe kuzidisha kumeshafanyika ndani ya ndogo na nambari imeshaharibika kabla ya kumiminwa.

Na usishtuke ukiona tv_nsec ya b ni ndogo kuliko ya a, hiyo ni kawaida. Tuseme ulianza sekunde 5 na nanosekunde 900000000, ukamaliza sekunde 7 na nanosekunde 100000000. Sekunde zinakupea 2, nanosekunde zinakupea hasi 800000000. Ukijumlisha zote kwa kipimo kimoja vile nimeandika inatoka 1200, yaani sekunde 1.2, safi. Ukiziprint kando kando na nukta katikati ndio unapata 2.-800000000 na unakuja kuuliza hapa. Hapo lazima ukope sekunde moja kwa tv_sec uiongeze kwa tv_nsec, ile hesabu ya kukopa ya darasa la tatu.

---

mjengo_c · Jumatano, saa 3:22 asubuhi

Leo nimejifunza pia mimi. Hizo gettimeofday zangu ziko kwa biti 32 mahali fulani, wacha nikaangalie kimya kimya.

---

baba_tangi · Jumatano, saa 7:40 mchana

Nimesoma yote, mmesaidia kijana vizuri, lakini mimi nimeuza maji miaka na nataka kuuliza kitu. Mnapima saa ya nini? Anauza dakika ama anauza maji?

Hata hiyo saa yako ikiwa sawa mpaka nukta ya tano, lita ishirini kwa sekunde 60 ni saa ile uliyopima wewe na stopwochi. Ulipima saa ngapi, mchana? Amka kesho saa kumi na mbili asubuhi wakati ploti nzima wapangaji wamefungua mabomba wanaoga, presha imeanguka, pima tena. Tangi likiwa juu kabisa ya ploti kimo cha maji ndani yake hakikusumbui sana, kinachokusumbua ni majirani. Utapata sekunde 70, 80, na mteja wako wa asubuhi ndiye mwenye haraka na ndiye mwenye mdomo.

Nunua sensa ya kupima maji yanayopita, ile ndogo ya YF-S201, ina kagurudumu ndani kanazunguka na sumaku, inakupea mapigo kama 450 kwa kila lita. Lita ishirini ni mapigo 9000. Usiamini hiyo 450 kama msahafu, jaza mtungi wako mara tano uhesabu mwenyewe uweke nambari yako. Na usije ukaisoma na huo usleep wako wa milisekunde 10: maji yakienda lita 20 kwa dakika, mapigo ni kama 150 kwa sekunde, pigo moja linapita kila milisekunde 6 na kitu, utakosa mengi na mteja atapata maji ya bure. Lazima uambiwe na kerneli (kiini cha Linux) kila pigo likigonga, sio wewe kuchungulia, tafuta libgpiod, ile maktaba ya C ya pini za Linux, ujifunze.

Saa usiitupe lakini. Hiyo MONOTONIC iweke iwe askari: ikipita sekunde 90 funga hata kama mapigo hayajafika, na zikipita sekunde tatu bila pigo hata moja funga, aidha tangi limeisha ama sensa imeziba na mchanga. Na kitu ya mwisho, programu yako ikianguka katikati valvu haitajifunga, pini inabaki vile uliiacha hata programu ikifa. Pi ina watchdog ndani yake, programu isipoigusa kwa sekunde 15 inawasha ubao upya na rilei inaachilia. Valvu yako ni ile inajifunga stima ikikatika ama ni ile nyingine?

---

mtungi20 · Jumatano, saa 2:18 usiku

Inajifunga stima ikikatika, hiyo angalau nilibahatika, ndio ilikuwa bei rahisi kwa lile duka.

Mama_malloc asante sana. Nimeweka int64_t, getconf kweli ilisema 32, na mchana wote valvu imefunga kwa 60.00 ama 60.01, sijaona nyingine. Maonyo nimeyawasha yote, yalikuwa kumi na moja, nimebakisha mawili. Kaunta asante pia, nilijaribu ile ya kubadilisha tarehe na mkono maji yakiwa yanaendelea, nikairudisha mpaka mwaka jana, na haikujali ata kidogo ikafunga kwa wakati wake.

Baba_tangi umeniharibia furaha lakini nimepima jioni hii watu wakipika, sekunde 68. Kesho niko Luthuli asubuhi kwa maduka ya elektroniki kutafuta hiyo sensa, kama kuna mtu anajua bei yake ya haki aniambie kabla waone sura yangu.

---

baba_tangi · Jumatano, saa 2:25 usiku

Mwambie muuzaji ni ya shule. Leo mmejaza mingapi?

---

mtungi20 · Jumatano, saa 2:31 usiku

43. Mmoja ulimwagika lakini huo ulikuwa na tundu, mwenyewe amekubali.